Chanjo Iliyolala Kwenye Barafu

Kwetu hakuna anayemwogopa kupe. Anachukiwa, hilo sibishi, maana amemaliza ng'ombe wengi kuliko wezi, lakini kumwogopa hapana. Utotoni kazi yetu ya jioni, mimi na mdogo wangu, ilikuwa kuwakagua ng'ombe masikioni na chini ya mkia, kuwachomoa kupe na kuwapasua kwa ukucha juu ya jiwe. Damu ikiturukia tunajifuta kwa mkono na kuendelea. Kwa hiyo mdogo wangu alipotuambia kwamba kabla ya kwenda Ulaya anatakiwa kuchanjwa dhidi ya ugonjwa wa kupe unaoshambulia ubongo, tulicheka sote, na aliyecheka zaidi alikuwa Baba.

"Ati kupe wa Wazungu anaua mutu?" alisema. "Si wetu wamekukula tangu utoto, mbona uko hapa?"

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili. Mama alikuwa ameshatutoka. Mimi nilifundisha historia katika shule ya upili mjini Bungoma, na mdogo wangu aliishi na Baba nyumbani kwetu Kiminini, kwenye barabara ya kutoka Webuye kwenda Kitale. Baba alikuwa amestaafu kazi ya serikali ya kutibu mifugo, akafungua duka la dawa za ng'ombe na kuku pale sokoni. Bado alizunguka na pikipiki akiwapandikiza ng'ombe mbegu za madume ya gredi, yaani ya kisasa. Mbegu zenyewe alizihifadhi ndani ya mtungi wa naitrojeni nyuma ya kaunta, na kila alipoufungua, moshi mweupe wa baridi ulimwagika sakafuni na wateja wakarudi nyuma hatua moja. Kuanzia Kiminini mpaka viunga vya Kitale watu walimwita Daktari, hata wale waliojua vizuri kwamba hakuwa daktari.

Mdogo wangu ndiye aliyekuwa mrithi wake. Alikuwa amesomea mifugo chuoni, lakini kazi hasa aliisomea kwa Baba: mkono wa kushoto ndani ya ng'ombe mpaka begani, wa kulia ukiongoza mrija wa mbegu bila kutetemeka. Baba aliwaambia wateja kwamba mkono wa msichana huyu ni mwepesi kuliko wake. Msichana mwenyewe hakumwambia hata siku moja. Alimwita Kukhu, yaani nyanya, kwa sababu alibeba jina la mama yake Baba, na akamfokea kama anavyofokewa mwanafunzi yeyote.

Basi akapata nafasi ya kwenda kukaa mwaka mmoja kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa katika milima ya Austria. Ulikuwa mpango wa kubadilishana vijana wa kilimo. Pale sokoni walisema anaenda Ujerumani, nasi tukachoka kuwasahihisha. Baba alizunguka wiki nzima akitangaza kwamba binti yake akirudi atatengeneza jibini na duka litapata chumba cha pili.

Chanjo ilitusumbua. Katika hospitali moja ya Kitale nesi alimuuliza kama hamaanishi homa ya manjano, maana hiyo anayo. Ya kupe hakuwahi kuisikia. Ikabidi aende Nairobi, kwenye kliniki moja ya wasafiri, wakamwagizia kutoka nje. Walimchoma dozi ya kwanza hapo hapo. Ya pili ilitakiwa kungoja zaidi ya mwezi, na kwa kuwa alitoka mbali walimpa abebe ndani ya kiboksi cha sponji chenye vipande vya barafu, wakamwambia aiweke kwenye friji kisha nesi yeyote atamchoma. Ndivyo alivyoambiwa, kwa maneno hayo tu, na mpaka leo nikiyakumbuka damu inanichemka. Maandishi ya kwenye boksi yalikuwa ya Kijerumani.

Nilikuwepo siku alipoifikisha dukani, kwa sababu nilikuwa nimekwenda nyumbani mwisho wa wiki. Friji ya duka ilikuwa moja, friji ya kizamani, mpira wa mlango umelegea. Sehemu ya chini ilikuwa na ubaridi wa mtungi wa maji tu, na stima ya Kiminini ilikuwa inakuja na kuondoka inavyotaka. Sehemu ya juu, ya kugandisha, ndiyo iliyoshika baridi hata stima ikipotea mchana kutwa. Baba alilichukua boksi, akaligeuzageuza, akafungua mlango wa juu.

"Papa, walisema friji," mdogo wangu akasema. "Hawakusema kugandisha."

"Na hii ni nini? Si friji?" Baba alikuwa na subira ya mtu anayemfundisha mtoto. "Kukhu, chanjo ya kupe mimi nimebeba. Tukiwa na wale watu wa utafiti, ile ya ndama ilikuwa inalala kwa naitrojeni. Ukiitoa nje kidogo tu, imekufa. Ugonjwa wa kupe unataka balafu."

Alisema balafu, kama wanavyosema wengi wa kwetu, na alisema kwa uhakika wa mtu aliyebeba mtungi ule mgongoni akivuka mito. Na kuhusu ndama alisema kweli. Chanjo ile ya ng'ombe ni vijidudu hai, na visipogandishwa kwa baridi kali vinakufa njiani. Alikuwa ameona kwa macho yake ndama waliochanjwa wakisimama na wasiochanjwa wakizikwa. Katika duka lile hakuna aliyekuwa na neno la kumpinga. Boksi likaingia juu, kati ya chanjo za vifaranga na kipande cha nyama.

Siku ya kuchomwa, Baba mwenyewe aliitoa. Aliiyeyusha kama anavyoyeyusha mbegu za madume, ndani ya kikombe cha maji ya vuguvugu, akikipapasa kikombe kwa kidole kupima joto. Tukaenda sote watatu Kibomet, pembeni ya mji wa Kitale, kwa nesi mmoja mstaafu aliyekuwa na chumba cha kutibia nyumbani kwake. Nesi aliinua sindano kwenye mwanga wa dirisha. Ndani mlikuwa na chembechembe nyeupe, kama maziwa yanayoanza kuganda.

"Daktari, hii iko sawa?"

"Ni baridi tu. Tikisa."

Akatikisa, akachoma. Mdogo wangu akakunja uso akasema kupe wa Wazungu sasa ashindwe na alegee, tukacheka hapo Kibomet kama wapumbavu. Jioni Baba alichinja jogoo, na firigisi, ambayo kwetu haiendi popote isipokuwa kwenye sahani ya mwenye nyumba, akaiweka kwenye sahani ya binti yake. 

Mdogo wangu akaenda. Alinipigia simu mara chache, akilalamika kuhusu baridi na kusifu ng'ombe. Ng'ombe wa huko, alisema, wanavaa kengele na wanajua saa zao kuliko watu. Alikuwa amepewa kundi lake mwenyewe. Alisema mzee wa shamba lile hamfokei mtu, na kwamba hilo linamtia wasiwasi.

Halafu nikapigiwa simu nikiwa chumba cha walimu. Ilikuwa sauti ya mwanamke, Kiingereza chake cha kuungaunga. Alirudia neno hospitali mpaka nikalielewa, kisha akaanza kulia. Nilikaa chini juu ya rundo la madaftari ya wanafunzi. Mwalimu mwenzangu alininyang'anya simu ndipo tukapata habari kamili: mdogo wangu amelazwa, hajitambui, ni ubongo.

Alikuwa akikata nyasi za kukausha ukingoni mwa msitu. Kupe alimshika nyuma ya goti. Alimchomoa, akampasua kwa ukucha, akaendelea na kazi kama tulivyofanya maisha yetu yote. Alipata homa ya siku chache, ikaisha, akakamua ng'ombe kama kawaida. Ndipo kichwa kikaanza kumuuma. Alisema baadaye kwamba yalikuwa maumivu ambayo mtu akiyapata anatamani kukatwa kichwa chenyewe.

Baba hakulala siku zile. Alikaa dukani mlango ukiwa wazi, hauzi, haongei, akisubiri nimletee habari kutoka Bungoma kwa simu. Nilipomwambia kwamba ameamka na anaitambua sauti yangu, nilisikia simu ikianguka, kisha wimbo wa kanisani, ukiimbwa vibaya.

Mdogo wangu alirudi kabla mwaka wake haujaisha. Uwanja wa ndege alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, ingawa aliweza kutembea akishikwa. Shingo haikuwa na nguvu, kichwa kilimlalia upande mmoja. Na mkono wa kulia ulikuwa umekufa kuanzia begani. Ulining'inia tu. Ukimwinua ulining'inia, ukimlaza ulibaki pale ulipoangukia. Baba alimkumbatia akiwa ameukwepa ule mkono, kisha akashika mizigo.

Tuliamua akae kwangu Bungoma, kwa sababu hospitali ya pale ilikuwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Asubuhi nilimwogesha, nikamfunga sidiria, nikamvalisha, nikaenda shule. Jioni nilimkuta amekaa pale pale. Maneno mengine yalikuwa yamempotea. Angesema "kile cha kufungia" akimaanisha ufunguo, na nikimkimbilia kumsaidia alikasirika. Tulikuwa tukigombana kama zamani, na mimi nilifurahi tukigombana, kwa sababu ndipo nilipomwona yule wa zamani.

Siku moja nilikuwa nikimsuka. Nilisema nitakwenda Nairobi kwenye kliniki ile niwapasulie meza zao, maana chanjo gani hiyo, dozi mbili na bado mtu anaharibiwa hivi. Nilisema mengi. Mimi nikianza kufoka sijui kusimama. Aliniacha nimalize.

"Chanjo ilikuwa nzuri," akasema. "Tuliigandisha."

Akanieleza polepole, akitafuta maneno. Alipoanza kuongea tena kule hospitalini, daktari alimuuliza kama aliwahi kuchanjwa. Akajibu, mara mbili. Daktari akashangaa, akauliza ya pili ilihifadhiwa vipi na nani. Naye akamweleza kwa fahari habari ya duka, friji na Baba. Daktari akaweka kalamu chini. Akasema chanjo hii si kama ya ndama. Haina kijidudu hai, na ikiganda mara moja inavunjika, haina kazi tena. Dozi ya kwanza peke yake haitoshi. Akasema pia kwamba hakuna anayeweza kuapa mambo yangekuwa tofauti. Lakini aliisema hiyo ya mwisho, mdogo wangu aliniambia, kama mtu anayekutafutia kitambaa cha kujifuta machozi.

Nilisimama na kitana mkononi. Hasira niliyokuwa nimewaandalia watu wa Nairobi ilihama yote, ikaenda Kiminini. Nilimwona Baba na kikombe chake cha maji ya vuguvugu. Nilimwona akisema tikisa. Nilitaka kwenda saa ile ile nikamwambie usoni kwamba ujuzi wake ndio umemlemaza mtoto wake, na nilikuwa nimeshafika mlangoni na kuvaa viatu.

"Ukimwambia sitakusamehe," akasema. "Mkono si wako, ni wangu. Na mimi nimesema asiambiwe."

"Basi aendelee kujipiga kifua?"

"Ajipige. Amebaki na nini kingine?"

Nikavua viatu. Niliapa kunyamaza, ingawa nilimchukia kidogo kwa kunibebesha siri ile.

Na Baba alijipiga kifua kweli. Sijui hadithi ile ilianzia wapi kichwani mwake, labda ilianza kama maombi. Alipoulizwa habari za binti yake alisema ugonjwa ule huua, na huyu hakufa kwa sababu alikuwa na chanjo, na chanjo ilikuwa hai kwa sababu yeye aliilaza kwenye balafu. Kila aliposimulia ilipata nguvu zaidi. Mdogo wangu aliporudi kukaa Kiminini, Baba alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Akatuonyesha kwa mkono sisi tulioketi benchi la mbele, akasema, Mungu alitumia friji ya duka langu. Watu wakapiga makofi. Mdogo wangu alitazama chini, naye hakuweza kupiga makofi hata angetaka. 

Alirudia ushuhuda huo mazishini na kwenye harambee. Nilianza kutafuta visingizio vya kutokwenda nyumbani.

Kisha mpango ule wa vijana ukamchukua mwingine wa pale pale Kiminini. Alikuwa binti wa jirani yetu, mama mmoja muuza viazi ambaye wazazi wake walitoka Mkoa wa Kati zamani na kununua shamba linalopakana na letu. Walisoma shule moja na mdogo wangu. Tulijua anasafiri, lakini hatukujua amefika wapi na matayarisho.

Jumapili moja alasiri tulikuwa tukinywa chai nyumbani, Baba, mdogo wangu na mimi, jirani akaingia na kikapu. Alisalimia, akaketi, akapewa kikombe. Kisha akatoa kiboksi cha sponji kilichofungwa kwa utepe.

"Daktari, msichana wangu amekuja na hii kutoka Nairobi. Ni ile ya pili. Mimi nikasema, si niletee Daktari aniwekee kama vile aliwekea huyu? Wewe ndio unajua hii mambo."

Baba aliweka kikombe chini. Sikuwa nimemwona akinyooka vile tangu binti yake arudi. Alilipokea boksi kwa mikono miwili, akaanza kupapasa mfukoni akitafuta funguo za duka.

"Umefanya vizuri sana, mama. Wengine wangeiacha hapo kwa meza iharibike. Hii inataka balafu."

Nilimtazama mdogo wangu.  Nilikuwa nimeapa, lakini binti wa watu hakuwa ameapa na mtu. Nilifungua mdomo. Yeye akanitangulia.

"Papa, usiweke kwa barafu."

"Ati nini?"

"Itakufa. Yangu ilikufa." Alitulia akitafuta neno, na sote tukamngojea. "Daktari wa huko aliniambia. Ile ya ndama ni hai. Hii ikiganda imeharibika. Nilichomwa maji tu."

Jirani aliangalia chai yake. Baba alibaki amesimama, boksi kifuani.

"Alikuambia lini?"

"Nikiwa bado hospitali."

Akanigeukia. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua, Papa."

Nilidhani atafoka, na ningeshukuru angefoka. Alirudi kwenye kiti, akakaa kama mtu anayepima kama kiti kitambeba.

"Nimesimama kanisani," akasema. "Na ninyi mko hapo mbele mnaniangalia."

 Kisha akamrudishia jirani boksi lake. Akamwambia alipeleke Kitale jioni ile ile, kwenye kliniki yenye friji ya dawa za watu, liwe kwenye baridi lakini lisiguse barafu. "Na wakikuuliza kwa nini una haraka," akasema, "waambie Daktari wa Kiminini aliharibu ya mtoto wake." Jirani alilirudisha boksi kikapuni. Aliondoka chai ikiwa nusu.

Tulibaki watatu. Nje ng'ombe walikuwa wakilia kutaka kukamuliwa na hakuna aliyeinuka. Baba alivuta kigoda chake mpaka upande wa kulia wa mdogo wangu, ule upande ambao hakuwahi kuketi tangu siku ya uwanja wa ndege.

"Nipe mkono," akasema.

Mdogo wangu aliuinua kwa mkono wa kushoto, akauweka kwenye mapaja ya Baba. Baba akaanza begani. Alibonyeza kwa vidole viwili, taratibu, akishuka, kama alivyozoea kumpima ng'ombe aliyeshindwa kusimama.

"Hapa unasikia?"

"Nasikia."

"Na hapa?"

"Nasikia, Papa. Kusikia nasikia kote. Ni kusogeza tu."

Akafika kwenye kiganja. Akaweka vidole vyake ndani yake, akavikunja vya binti yake mmoja mmoja juu ya vyake mpaka ikawa kama wameshikana.

"Nifinye," akasema.

Nilivitazama vidole vile. Niliona mshipa wa shingo ya mdogo wangu ukisimama, niliona jasho likimtoka juu ya mdomo. Vidole havikusogea hata kidogo.

"Nimefinya," akasema.

"Nimesikia, Kukhu," Baba akajibu.